Je, inafaa kulipia miwani ya uhalisia pepe kabla ya kukarabati nyumba ya familia?

Swali: Ndugu mtaalamu, ninakuandikia kutoka Ngamiani, Tanga. Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili, yenye vyumba sita na korido katikati, na jiko na choo viko uani. Mama anaishi humo na magoti yanamsumbua. Tunataka kuvunja ukuta kati ya vyumba viwili vya mbele upande wa kushoto ili tupate sebule ya maana, jiko liingie chumba cha mwisho upande wa kulia, na choo kijengwe ndani, mwishoni mwa korido. Kaka zangu wawili wako Muscat na dada yangu yuko Minneapolis. Wao ndio wanaotoa sehemu kubwa ya fedha, na kila mmoja ana nyumba yake kichwani. Kijana anayetuchorea ramani anasema kwamba kwa malipo ya ziada atatuvisha miwani ya uhalisia pepe tutembee ndani ya nyumba kabla ya kugusa tofali. Malipo hayo yanatosha mifuko 30 ya saruji. Ni jambo la maana, au ni mbwembwe tu?

Jibu: Dada yangu, lipeni, lakini si kwa utaratibu aliowapa kijana huyo. Miwani hiyo ina kazi moja inayoifanya vizuri kuliko karatasi, nayo ni kumwezesha mtu asiyezoea ramani kuhisi ukubwa wa nafasi atakayoishi. Kazi nyingine ambazo watu huzitarajia kutoka kwake, kama kujua ukuta upi unabeba paa, nyumba itakuwa na joto kiasi gani, au bomba la choo litapita wapi, haiziwezi. Fedha zenu zitapotea ikiwa mtalipia ile kazi ya kwanza mkidhani mmenunua na hizi nyingine.

Nianze na kile inachokiweza. Ramani ya nyumba huchorwa mara nyingi kwa kipimo cha 1 kwa 100, yaani mita moja ya nyumba inakuwa sentimita moja ya karatasi. Korido ya mita 1.2 inakuwa milimita 12, na korido ya sentimita 90 inakuwa milimita 9. Tofauti ya milimita tatu juu ya karatasi haimshtui mtu, ilhali nyumbani kwenu ndiyo tofauti kati ya watu wawili kupishana bila taabu na mmoja kurudi nyuma ampishe mwenzake aliyebeba sinia. Ukivaa miwani, nyumba iliyochorwa kwa kompyuta inakuzunguka kwa ukubwa wake kamili, na mabega yako ndiyo yanayokwambia kwamba hapa pamebana. Mmoja wa waanzilishi wa teknolojia hii, Ivan Sutherland, alipoonyesha kifaa chake cha kuvaa kichwani huko Marekani mwaka 1968, kikiwa kimeungwa na mtambo ulioning'inia kutoka darini, mojawapo ya picha alizozionyesha ilikuwa chumba kilichochorwa kwa mistari mitupu. Kwa hiyo chumba kilikuwamo katika kazi hii tangu mwanzo, kabla ya michezo ya vijana.

Faida hiyo niliiona kwa karibu zaidi jikoni. Mama mmoja wa makamo, ambaye wanawe walimchorea jiko zuri la kisasa lenye meza ya zege iliyozunguka kuta tatu, alivaa miwani, akageuka huku na huku, akasifu vigae, kisha akaniuliza, "Sasa mimi na kibao changu cha mbuzi tutakaa wapi?" Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Tulimletea kigoda akaketi, miwani ikashuka pamoja naye, na wote tuliokuwa tukitazama kwenye skrini tukaliona jiko lile kutoka kimo cha mtu anayekuna nazi: mbele yake kulikuwa na milango ya makabati isiyoweza kufunguka bila kumgonga magoti, na swichi ya taa ilikuwa mbali na mkono wake. Upande mmoja wa meza ukaondolewa kwenye mchoro siku ileile, kabla haujamwagwa zege. Karatasi isingemfanya mama yule aulize swali lile, kwa sababu kwenye karatasi mtu haketi.

Sasa niseme kuhusu pale miwani inapodanganya, na nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nyumba mpya huchorwa kwanza ikajengwa baadaye, kwa hiyo mchoro ndio unaotangulia. Nyumba ya zamani iko tayari, na mchoro hauna budi kuifuata kama ilivyo, pamoja na kasoro zake. Nilipokuwa kijana katika kazi hii nilipima korido ya nyumba moja upande wa mlango wa mbele tu, nikapata mita 1.35, nikachora mstari ulionyooka hadi nyuma. Familia ilitembea ndani ya miwani ikaridhika, ikaagiza kabati kubwa la nguo. Kabati lilipofika lilipita mlango wa mbele na kukwama katikati ya korido, kwa sababu upande wa nyuma korido ile ilikuwa na mita 1.22, kuta zake hazikuwa sambamba wala kona hazikuwa skwea, kama ilivyo katika nyumba nyingi zilizojengwa kwa awamu. Miwani haikukosea. Ilirudia kwa uaminifu kosa nililoliingiza mimi, na ililipamba kiasi kwamba hakuna aliyelitilia shaka.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa kijana wenu hata shilingi ya miwani, mwulizeni aliipimaje nyumba. Kila chumba kipimwe kuta zote nne, kisha kona hadi kona kwa njia zote mbili. Vipimo viwili vya kona vikitofautiana, chumba hakiko skwea. Upana wa korido upimwe mbele, katikati na nyuma. Kimo cha dari kipimwe zaidi ya mahali pamoja, na unene wa kila ukuta upimwe kwenye uwazi wa mlango. Kipimo cha leza kinarahisisha kazi hii, na baadhi ya simu, kwa mfano iPhone 12 Pro ya mwaka 2020 na matoleo ya Pro yaliyoifuata, zina kihisi cha leza kinachoweza kuunda umbo la chumba kwa dakika chache. Umbo hilo linatosha kwa kuanzia, lakini vipimo vya milango na korido bado nisingeviamini bila tepu. Ikiwa kijana amekwisha kuchora bila kurudi kupima namna hii, malipo ya kwanza yawe ya kupima upya.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika mpango wenu, hata hivyo, ni hicho choo cha mwishoni mwa korido. Nyumba ya Kiswahili ilijengwa hivyo kwa sababu. Mlango wa mbele unatazamana na mlango wa uani, na korido iliyonyooka kati yao ndiyo njia ya upepo. Mkifungua milango yote miwili, hewa inapita katikati ya nyumba na kuvuta joto kutoka vyumba vya pande zote. Pwani yetu ina kusi kwa sehemu kubwa ya katikati ya mwaka na kaskazi kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na korido hiyo hufaidi pepo zote mbili kwa kadiri barabara yenu ilivyoelekea. Mkijenga choo mwishoni mwake mnaziba koo la nyumba. Ndani ya miwani kitaonekana choo safi, cheupe, chenye kioo na taa, na hamtajua chochote mpaka mwezi wa Februari mtakapolala milango wazi mkijipepea.

Jaribio la jambo hili halihitaji kompyuta. Siku yenye upepo wa kawaida, washeni ubani kwenye chetezo, kiwekwe karibu na mlango wa mbele, milango yote miwili ikiwa wazi, na mtazame moshi unavyokwenda. Kisha fungeni mlango wa uani mrudie. Mtakachokiona mara ya pili ndicho mnachotaka kukijenga kwa tofali. Pendekezo langu ni kwamba choo kiingie chumba cha mwisho upande wa kushoto, kitazamane na jiko jipya, na korido ibaki wazi hadi uani. Chumba kimoja cha kulala kitapungua, na hapo ndipo kaka zako watakapoanza kuuliza watalala wapi wakija likizo. Nitarudi kwenye hilo.

Kuhusu jua, programu nyingi za usanifu zinaweza kuonyesha kivuli kwa tarehe na saa mnayoitaka, mradi mchoraji aweke mahali halisi. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita kaskazini mwenu katikati ya mwaka na kusini mwenu mwezi wa Desemba, na nyakati zote mbili huwa juu sana, hivyo upenu wa kawaida hulizuia. Linalochoma ni la asubuhi na la alasiri, linaloingia chini chini kupitia madirisha ya mashariki na magharibi. Mwombeni awaonyeshe sebule mpya saa kumi alasiri, tarehe 21 Juni na tarehe 21 Desemba. Wachoraji wengi huacha jua la mapambo, lile linaloingia dirishani kwa uzuri bila kujali dirisha limeelekea wapi.

Ukuta mnaotaka kuuvunja unaondoka ndani ya miwani kwa kubonyeza mara moja, na hapo ndipo watu husahau. Nyumba nyingi za aina hii zilianza kwa miti na udongo, zikapigwa lipu ya saruji juu yake, na kuta zikabadilishwa kuwa za tofali moja baada ya nyingine kadiri fedha zilivyopatikana. Ndani ya ukuta unaoonekana wa tofali inaweza kuwamo nguzo ya mti inayobeba paa hadi leo. Chubueni lipu katika sehemu tatu au nne, juu na chini, mwone kuna nini, kisha mtu apande darini atazame mbao za paa zimelala upande gani na zimeegemea wapi. Ikiwa zimeegemea ukuta huo, hauondoki bila mkanda wa zege wenye nondo uliokokotolewa na mhandisi, na mkanda huo utaonekana sebuleni kwenu. Mchoraji auweke kwenye mchoro kwa kina chake halisi, ili kaka zako wasije wakauliza baadaye kwa nini kuna boriti ambayo hawakuiona.

Mabomba yako chini ya sakafu, na watu waliovaa miwani hutazama yaliyo juu yake. Bomba la inchi 4 la maji ya choo kwa kawaida hulazwa kwa mteremko wa 1 kwa 40, yaani kila mita 4 linashuka sentimita 10. Ikiwa shimo lenu liko mita 12 kutoka choo kipya, bomba litakuwa limeshuka sentimita 30 likifika huko, na ni lazima mjue kama shimo linaingiza maji chini ya kiwango hicho. Fundi bomba na mpira wa maji wa kusawazishia wanamaliza swali hilo kwa asubuhi moja.

Kwa upande wa mama, vipimo vifuatavyo viingizwe kwenye mchoro hata kama leo anatembea mwenyewe, kwa sababu magoti hayarudi nyuma. Mlango wa choo na wa chumba chake uache nafasi wazi ya sentimita 80 au zaidi, ikipimwa fremu hadi ubao wa mlango ukiwa umefunguliwa. Ndani ya choo ibaki nafasi ya duara la mita 1.5, ambalo kiti cha magurudumu kinalihitaji ili kigeuke. Baraza la mbele likiwa na kimo cha sentimita 45, njia ya mteremko ya 1 kwa 12 itahitaji urefu wa mita 5.4, na kwa nyumba iliyojengwa karibu na barabara kama zilivyo nyingi za Ngamiani, mita hizo hazipo; ipitisheni uani. Hapa miwani inafaa sana. Wewe mwenyewe keti kwenye kiti chenye magurudumu, hata kile cha ofisini, uvae miwani, na ujaribu kutoka kitandani kwa mama hadi chooni.

Mama naye avae, lakini kwa uangalifu. Kizunguzungu hutokea kwa sababu macho yanaona mwili unasogea wakati viungo vya mizani vilivyo ndani ya masikio vinasema umetulia. Mvisheni akiwa ameketi, mtu mmoja akiwa ameshika bega lake, na msimsogeze kwa kile kidude cha mkononi kinachomfanya ateleze hewani. Mruke naye kutoka chumba hadi chumba, picha ikifunga na kufunguka. Dakika tano zinatosha kwa mara ya kwanza. Akivaa ushungi, kamba za miwani hupita juu yake bila shida mradi ufungwe wa kubana kidogo, na akivaa miwani ya kusomea, aulizwe mchoraji kama kifaa chake kina nafasi ya kuikalisha ndani. Kuna pia kirekebisho cha umbali kati ya mboni za macho, ambao kwa watu wazima wengi huwa karibu na milimita 63. Kisiporekebishwa kwa kila anayevaa, kichwa kinauma na vyumba vinaonekana kwa ukubwa usio wao.

Hata kikirekebishwa, watafiti wamelipima jambo hili kwa miaka mingi na kukuta kwamba watu waliovaa vifaa hivi hukadiria umbali kuwa mfupi kuliko ulivyo. Vifaa vya sasa vina nafuu, lakini hata vyenyewe mimi siviachii uamuzi wa mwisho wa vipimo. Siku mtakayovaa miwani, chukueni kamba, vigingi na chokaa, mkaichore sebule mpya kwa ukubwa wake uani, au barazani na barabarani kukiwa na utulivu. Wekeni viti na meza ndani ya mistari, mkae, mpishane. Miwani inawapa kuta, dari na madirisha. Chokaa inawapa hatua za miguu yenu wenyewe. Vikipingana, aminini chokaa.

Sasa kuhusu ndugu walio mbali. Kuna namna mbili za bidhaa zinazouzwa kwa jina moja, na bei zake hazipaswi kulingana. Ya kwanza ni picha ya duara, ambayo mtu huifungua kwenye simu au kuiweka ndani ya miwani ya karatasi ngumu kama ile iliyotolewa na Google mwaka 2014; anasimama mahali pamoja akigeuza kichwa tu. Ya pili ni nyumba kamili ndani ya kifaa kinachojitegemea, kama Quest 2 ya mwaka 2020 au Quest 3 ya mwaka 2023, ambacho kinatambua pia unapoinama, unapoketi na unapopiga hatua. Kwa wa Muscat na Minneapolis picha za duara zinatosha: moja ya sebule, moja ya jiko, moja ya choo, moja ya korido ikitazama uani, zote zikipigwa kwenye kimo cha macho cha mtu aliyesimama. Kwa mama, kwako na kwa fundi mkuu, dai ile ya pili. Kijana akitaka malipo ya nyumba kamili huku akileta picha za duara, amewauzia kitu kingine.

Ndugu wapewe mipango miwili tu ya kulinganisha, ule wenye choo koridoni na ule wenye choo katika chumba cha mwisho, na siku maalumu ya kujibu. Nimeona familia ikipewa mipango saba ikazungumza miezi minne na isiamue rangi ya mlango. Katika mpango wa pili, kwa kuwa chumba kimepungua, mwombeni mchoraji aweke kitanda cha wageni sebuleni kwa kipimo halisi, ili kaka zako waone kwa macho yao kama wiki tatu za likizo zinabebeka pale. Hilo litamaliza mabishano mengi kuliko ujumbe wa sauti wa dakika kumi.

Mkataba uandikwe, hata kama kijana ni jirani. Uwe na upimaji kwanza na ulipiwe peke yake; kisha mchoro wa pande tatu unaotoka kwenye ramani ileile itakayopelekwa halmashauri kuombea kibali cha ujenzi, kwa sababu mchoro wa miwani uliotengenezwa kando una tabia ya kutofautiana na ramani ya kibali; kisha kikao kimoja cha kuvaa, marekebisho ya mara moja, na kikao kifupi cha kuthibitisha. Faili la mchoro lenyewe, si picha zake tu, libaki mikononi mwenu. Ramani ikaguliwe na mbunifu majengo au mhandisi aliyesajiliwa na bodi yake, na yaondolewe kwenye bei mambo ya gari lililoegeshwa, maua, taa za usiku na makochi ya Kiitaliano. Akikataa kupima upya, nunueni saruji yenu mifuko 30, na mwite fundi mwenye tepu na chokaa.

Mpe mama shikamoo yangu, na siku ya kikao hakikisha kibao chake cha mbuzi kimeletwa chumbani kabla hajavaa miwani, akikalie hichohicho.